Suha, nyota ya kupimia macho

Kuanzia Mbagala hadi Mwenge, nguzo za umeme hazikosi kibao cha mganga: anarudisha mpenzi, anavuta wateja, anasafisha nyota. Nyota ya kwenye kibao ni bahati ya mtu. Ikififia, biashara inalala na mchumba anakimbia. Angani haina mahali. Huwezi kuinyooshea kidole.

Suha unaweza, macho yakikuruhusu. Wazungu huiita Alcor. Ni nyota hafifu iliyojibanza kando ya Mizar, nyota ya katikati ya mkia wa kundi la nyota liitwalo Dubu Mkubwa. Waarabu wa kale waliliona kundi hilo kama msiba: nyota nne ni jeneza, tatu za mkia ni mabinti wanaolisindikiza. Husimuliwa kuwa muuaji wa baba yao ni ile nyota ya kaskazini isiyohama, na ndiyo maana wanaizunguka kila usiku. Suha yuko ubavuni mwa binti wa katikati, na wengi hawamwoni. Jina lake limetoka kwenye mzizi uleule uliotupa neno letu "sahau", ule wa sijida ya kusahau anayoleta aliyekosea rakaa.

Kwa hiyo wakaigeuza kipimo: mwenye macho mazuri huiona. Ikazaliwa na methali, "Namwonyesha Suha, ananionyesha mwezi", ya kumpiga kijembe mtu unayemweleza jambo la ndani akakujibu lile ambalo hata mtoto analiona. Wahindu nao huiita Arundhati, mke mwaminifu wa mzee Vasishtha, ambaye ndiye Mizar. Katika harusi zao nyingi, hasa za kusini mwa India, bwana humwonyesha bibi nyota hiyo: kwanza ile angavu, kisha jirani yake.

Katika unajimu Suha ni miongoni mwa nyota thabiti. Thabiti kwa jina tu, maana husogea kwenye duara la buruji, zile alama kumi na mbili za unajimu, digrii moja kila miaka 72 hivi. Mnajimu Ptolemy wa Alexandria, karne ya 2, alilipa kundi zima tabia ya sayari ya Mirihi, yaani ukali na ugomvi. Leo Suha iko karibu na digrii ya 16 ya buruji ya Mashuke, hivyo jua huipitia tarehe 8 Septemba au siku ya pili yake. Ila kwa wanajimu nyota hafifu haina sauti kubwa. Mimi sidhani kama kitu kilicho umbali wa miaka-nuru 80 hivi kina habari na duka la mtu Kariakoo.

Ukitaka kuiona, subiri Juni, masika yakishaisha. Saa mbili usiku tazama kaskazini, theluthi ya njia kutoka upeo hadi utosini. Mjini taa zitakushinda; vuka Kigamboni, au vizia umeme ukatike mtaa mzima. Ukiona nyota moja tu pale, hiyo ni Mizar.