Mto hufurika hata kama hainyeshi kwenu

Kila masika ujumbe ule ule huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi: "Kama hainyeshi mtaani kwenu, mto hauwezi kufurika. Laleni." Unasikika wa busara, ila si kweli.

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita Kawangware na Gikomba kabla ya kufika Korogocho na Dandora. Mvua ikimwagika kule juu, lami na mabati ya jiji hayanyonyi kitu. Maji hukimbilia mtoni, na anayeishi chini huyapokea baadaye, pengine nyota zikiwa zinaonekana. Wengine hukutwa usingizini.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Miezi mingi mto wenyewe ni kijito tu (harufu yake tuiache). Nani angeuogopa?

Kuhakikisha si kazi. Mpigie jamaa aliye Kikuyu au Kangemi umuulize kunanyesha vipi. Soma utabiri wa hali ya hewa pale ulipotolewa, na utazame tarehe, maana picha za grupu huwa za miaka iliyopita. Kisha utazame mto: maji yakigeuka matope ghafla, yakibeba matawi na kuvuma, chukua watoto na vitambulisho, mpande juu. Msingoje yafike mlangoni. Maji yaendayo kasi, hata ya kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mjibu aliyeutuma, kwa upole, kwamba mto hauanzii mtaani kwenu.