Litowa haikuanzia Ikulu: dhana potofu kuhusu Chama cha Maendeleo cha Ruvuma

Ukimuuliza mtu aliyekuwa na akili zake miaka ya sabini kuhusu vijiji vya ujamaa, aghalabu atakusimulia malori, nyumba zilizobomolewa na familia zilizoshushwa porini. Hayo yalitokea. Lakini yamefunika habari ya zamani zaidi, ya wakulima wa Songea walioanzisha chama chao wenyewe, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa herufi za jina lake la Kiingereza, RDA (Ruvuma Development Association). Inaniuma kila nikisikia wakitiwa kapu moja na operesheni zile za kuhamisha watu.

"Ujamaa vijijini ulibuniwa serikalini, wakulima wakaupokea."

Tazama miaka. Kundi la Umoja wa Vijana wa TANU, likiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, lilianza kulima pamoja Litowa, huko Songea, mwaka 1960, hata uhuru haujafika. Chama chenyewe kikaundwa 1963. Azimio la Arusha ni la Februari 1967, na waraka wa Ujamaa Vijijini ni wa Septemba mwaka huohuo. Mwalimu Nyerere aliifahamu Litowa na kuipenda, na mengi aliyoyaandika katika waraka ule wakulima wa Ruvuma walikuwa wameshayafanya.

"Watu walilazimishwa kuhamia."

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu linagusa msingi wa chama. Aliyejiunga alijiunga kwa hiari yake. Kazi ya shamba, mgawanyo wa mavuno, matumizi ya fedha, yote yaliamuliwa na wanakijiji wenyewe wakiwa wamekaa kikao. Ndiyo maana vijiji viliongezeka polepole: hadi 1969 vilikuwa 17 tu. Mtu mwenye haraka ya takwimu ataiona idadi hiyo ndogo, lakini kijiji ambacho watu wamekikubali kabla ya kukijenga hakipatikani kwa msimu mmoja. Waraka wa 1967 nao ulisisitiza hiari. Amri ilikuja baadaye: mwaka 1973 Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni lazima, na wakati huo RDA ilikuwa imeshafutwa miaka minne.

"Kilikuwa chama cha Mzungu."

Ralph Ibbott, Mwingereza, aliishi Litowa na familia yake akiwa mshauri. Alikuta vijana wameshaanza.

"Kilikufa kwa sababu kilimo cha pamoja hakiwezekani."

Hakikufa kifo cha namna hiyo. Chama kilimiliki mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, ili faida ya kusaga ibaki kwa walioilima. Kilikuwa na shule Litowa, ambako watoto wa vijiji vya chama walisoma na kulima, tangu kabla ya waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967. Sisemi kila kijiji kilistawi, wala kwamba hapakuwa na magomvi. Penye watu hayakosekani. Lakini kilichokivunja chama ni uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU, Septemba 1969. Chama kikapigwa marufuku, mali zake zikachukuliwa.

Na kwa nini chama tawala kivunje kitu kilichokuwa kikitekeleza sera yake? Kwa sababu wakulima waliozoea kujiamulia hawakuwa tayari kupangiwa na mkoa zao la kulima, na viongozi wengi hawakulivumilia hilo. Kujitegemea kulisifiwa jukwaani. Kulipogeuka kuwa wakulima wanaosema "hapana" kwa afisa, kukaonekana uasi.

Hata hivyo marufuku haikufuta kila kitu. Matetereka, kijiji kimojawapo cha RDA, kiliendelea kulima shamba la pamoja kwa miaka mingi baada ya chama kuvunjwa.