Geini kwanza, feda baadaye

Kwenye sendofu moja Nkuhungu, Dodoma, kijana wangu alikuwa anawapigia wazee zilipendwa za dansi. Biharusi mtarajiwa alipotokea mlangoni, akarusha singeli. Akina mama wa meza ya mbele wakaziba masikio. MC akanitazama kama nimemtukana.

Nyimbo nyingi za zamani zilirekodiwa kwa sauti ya chini, za leo zinabanwa mpaka ukingoni. Ukiziacha kwenye geini ileile, yaani kitufe cha miksa kinachoamua sauti ya wimbo inaingia kwa nguvu gani, ule wa leo unatoka kama ng'ombe aliyevunja zizi.

Mimi wimbo mpya nausikiliza kwenye hedifoni kwanza, feda, ile ya kusukuma inayoitoa sauti kwa wageni, ikiwa chini kabisa. Naupeleka mpaka pale besi na ngoma zinapoingia pamoja, maana ukipima mwanzo wenye kinanda kitupu umejidanganya. Hapo nageuza geini taratibu mpaka taa za chaneli zicheze kijani cha juu, njano iguswe kwenye mapigo mazito tu. Kisha sikio linaamua. Mita haijui kwamba trebo ya singeli, zile sauti kali za juu, inachoma kuliko gitaa la dansi, hata taa zikilingana. Besi nayo ukiiongeza, umepandisha chaneli nzima. Rudi kwenye geini.

Nyekundu siitaki. Pale wimbi la sauti linakatwa kichwa, linabaki bapa. Ukishusha masta, yaani sauti ya jumla, baadaye, kichwa hakirudi, unapata mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Na mkwaruzo huo umejaa masafa ya juu, yanayokwenda moja kwa moja kwenye twita, spika ndogo ya sauti kali, yenye koili nyembamba kama unywele. Nimeshaunguza mbili kwa usiku mmoja. Harufu yake ukiinusa, ujue bei umeshalipa.

Halafu kuna wale wa "DJ, ongeza!" Hapa Dodoma upepo wa jioni unachukua sauti, na meza zilizo upande unakotoka zinasikia hafifu. Kijana anakimbilia geini. Lakini kuongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu kunataka nguvu ya amplifaya mara mbili, wati 500 ziwe 1,000, na sikio litaona tofauti ndogo. Ili wageni waone sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Nani anayo?

Usiku ule tulibeba spika mbili hatua kumi kuelekea meza za nyuma. Miksa haikuguswa. MC hakurudi tena mezani kwangu, isipokuwa kuomba maji.