Asali Kuganda Si Dalili ya Sukari

Kwenye vibanda vya asali kando ya barabara ya Marigat kuja Nakuru, mteja huinua chupa, akiona chengachenga chini huirudisha: "Hii imetiwa sukari." Dhana hiyo ni ya miaka mingi, na si kweli. Asali halisi huganda. Ina sukari zake za asili, hasa glukosi na fruktosi; glukosi haiyeyuki kwa wepesi kama fruktosi, hivyo hujitenga polepole ikawa chembe, hasa kwenye baridi. Asali ileile yaweza kuganda Nakuru kwenye baridi ikabaki majimaji Kisumu kwenye joto. Na lile jaribio la kudondosha tone kwenye glasi ya maji, eti asali safi huzama? Halisaidii, sharubati nzito ya sukari nayo huzama.

Maabara zinazotaka uhakika hutumia kipimo cha NMR, yaani cha kusoma mwitikio wa viini vya atomi ndani ya sumaku, kilichotokana na kazi za wanafizikia Felix Bloch na Edward Purcell mwaka 1946. Sampuli huwekwa ndani ya sumaku kali na kupigwa mawimbi ya redio. Viini vya haidrojeni hujibu kwa masafa yanayotegemea molekuli vilimo, hivyo glukosi, fruktosi na asidi amino huonekana kwa pamoja, na mchoro wa majibu hayo hulinganishwa na wa asali zinazojulikana. Mashine yenyewe ni ghali mno, haiji kibandani.

Asali ikiganda, ili irudi majimaji, weka tu chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Usiichemshe.