Amri ya uniq haiondoi marudio yote
Wanaoanza kutumia terminali ya Linux huambiwa mapema: ukitaka kuondoa mistari iliyojirudia kwenye faili, tumia uniq. Si kweli. Amri hiyo hulinganisha kila mstari na ule uliotangulia tu. Faili likiwa na Mombasa, Tanga, kisha Mombasa tena, utarudishiwa mistari yote 3 bila onyo lolote. Hapo ndipo hatari ilipo: orodha inaonekana safi, kumbe sivyo.

Kwa kawaida inatosha kupanga mistari kwanza kwa amri ya sort, ili inayofanana ikae pamoja:

sort majina.txt | uniq

au kwa mkato, sort -u majina.txt. Lakini kupanga huvuruga mfuatano wa awali, na kwenye logi za seva (kumbukumbu za matukio yake) mfuatano ndio habari yenyewe. Huko mimi huchagua awk, lugha ndogo ya kuchakata maandishi iliyozaliwa kwenye maabara za Bell Labs mwaka 1977:

awk '!x[$0]++' logi.txt

Jedwali x huhesabu kila mstari umeshaonekana mara ngapi. Hesabu ikiwa 0, mstari unachapishwa. Ukirudi tena, unarukwa. Gharama yake ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa kuwa kila mstari wa kipekee huhifadhiwa humo. Faili likiwa kubwa mno, rudi kwenye sort, ambayo huandika vipande kwenye diski inapozidiwa.