Jeshi ni la nani? Namna ya kuyasoma mageuzi ya nchi za Kiarabu tangu 2011

Mwaka 2011 wananchi wa Tunisia, Misri, Libya, Yemen, Syria na Bahrain waliingia barabarani wakidai karibu mambo yale yale: ajira, unafuu wa maisha, mwisho wa ufisadi na kuondoka kwa watawala waliozeekea madarakani. Walichokipata hakikufanana. Maelezo tunayoyasikia zaidi hutaja dini, mitandao ya kijamii au mkono wa mataifa makubwa, na kila moja lina nafasi yake. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini rais mmoja alitimka ndani ya wiki nne na mwingine akang'ang'ania zaidi ya miaka 13, aanze kwa kuuliza jeshi la nchi hiyo lilikuwa linalishwa na nani, na mtawala akianguka lingepoteza nini.

Zine El Abidine Ben Ali wa Tunisia alikuwa ofisa wa jeshi na usalama kabla ya kumwondoa Habib Bourguiba Novemba 1987. Alijua njia aliyopita, akahakikisha hakuna mwingine wa kuipita: jeshi likabaki dogo na lenye bajeti finyu, polisi na Wizara ya Mambo ya Ndani wakaneemeka. Wanajeshi hawakuwa hata na haki ya kupiga kura. Walipiga kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2018. Tarehe 17 Desemba 2010 Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa matunda wa Sidi Bouzid, alijichoma moto baada ya kunyang'anywa vitu vyake, na maandamano yakafika hadi mji mkuu. Makamanda hawakuwa na biashara ya kulinda wala fadhila ya kulipa. Kisa cha jenerali aliyekataa amri ya kufyatulia watu risasi kimesimuliwa sana na kubishaniwa sana. Hata tukikiweka kando, ni wazi kwamba jeshi halikuona sababu ya kufa na Ben Ali. Tarehe 14 Januari 2011 alikimbilia Saudi Arabia.

Misri ni habari nyingine kabisa, ingawa Hosni Mubarak naye aliondoka upesi, baada ya siku 18 za maandamano. Huko jeshi ndilo lililoizaa jamhuri: marais Naguib, Nasser, Sadat na Mubarak wote walikuwa maofisa. Linamiliki viwanda vya saruji na tambi, maji ya chupa, vituo vya mafuta na ardhi. Marekani imekuwa ikilipa takriban dola bilioni 1.3 za msaada wa kijeshi kila mwaka, utaratibu uliotokana na amani ya Misri na Israel ya 1979. Majenerali walimtazama kwa jicho la shaka Gamal, mwana wa rais aliyekuwa akiandaliwa kurithi kiti, pamoja na matajiri waliomzunguka. Umati wa uwanja wa Tahrir, Cairo, ulipoimba kwamba jeshi na wananchi ni mkono mmoja, jeshi liliitikia kwa sababu zake lenyewe. Lilimtoa Mubarak, likabaki na mali yake lenyewe.

Ndiyo maana Mohamed Morsi wa vuguvugu la kidini na kisiasa la Udugu wa Kiislamu, aliyechaguliwa rais Juni 2012, alidumu mwaka mmoja tu. Tarehe 3 Julai 2013 Abdel Fattah al-Sisi, waziri wake wa ulinzi, alimwondoa. Siku chache baadaye Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu na Kuwait ziliahidi Misri dola bilioni 12. Qatar ilikuwa upande wa Morsi, na ugomvi huo ni miongoni mwa sababu za Qatar kuwekewa vikwazo na majirani zake Juni 2017.

Kwingineko nitapita haraka. Libya, Muammar Gaddafi alikuwa amelidhoofisha jeshi makusudi na kutegemea brigedi zilizoongozwa na wanawe. Alipouawa Oktoba 2011 hapakuwa na jeshi la kuishika nchi. Bahrain, ufalme uliokuwa na askari wengi walioajiriwa kutoka nje uliongezewa nguvu na vikosi vya Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu Machi 2011.

Sudan inastahili kituo. Rais Omar al-Bashir, kwa hofu ya jeshi lake, alilea wanamgambo wa Darfur, magharibi mwa nchi, na kuwahalalisha kisheria kama RSF (Vikosi vya Msaada wa Haraka). Aprili 2019 jeshi na RSF walimwangusha kwa pamoja, na Oktoba 2021 wakaipindua kwa pamoja serikali ya mpito. Fahali wawili hawakai zizi moja: vita kati ya mkuu wa jeshi Abdel Fattah al-Burhan na mkuu wa RSF Mohamed Hamdan Dagalo vilianza tarehe 15 Aprili 2023.

Na Tunisia iliyosifiwa? Mwaka 2013 iliponusurika kusambaratika, waliosuluhisha hawakuwa wanajeshi bali chama cha wafanyakazi UGTT na wenzake watatu, waliotunukiwa Nobel ya Amani 2015. Lakini Julai 2021 Rais Kais Saied aliposimamisha bunge, magari ya jeshi ndiyo yaliyomzuia getini Spika Rached Ghannouchi. Jeshi lisilo na mali halina lazima ya kuwa upande wa bunge.

Syria, familia ya Rais Bashar al-Assad ilikabidhi vyeo nyeti kwa Waalawi wenzao, jamii ya wachache ya kidini iliyoaminishwa kwamba utawala ukianguka nayo itaangamia. Kwa hiyo kiini cha jeshi kilipigana, kikisaidiwa na Iran, kundi la Hezbollah la Lebanon na, kuanzia Septemba 2015, ndege za Urusi. Kufikia mwisho wa 2024 askari walikuwa na mishahara duni, Urusi imezama katika vita vya Ukraine na Hezbollah imepigwa na Israel. Mashambulizi ya waasi yaliyoanza tarehe 27 Novemba yalifika Damascus tarehe 8 Desemba, na wanajeshi wengi walivua sare bila kupigana. Januari 2025 ilitangazwa kwamba makundi yenye silaha yanavunjwa na kuingizwa katika jeshi jipya. Machi mwaka huo huo, mamia ya raia wa Kialawi waliuawa mwambao wa pwani, na miongoni mwa walioshutumiwa ni vikosi vilivyotakiwa kuwa sehemu ya jeshi hilo.