Nyama zinacheza, usingizi hauji: dhana potofu kuhusu misuli na ALS

Saa nane za usiku shavu la mguu linachezacheza lenyewe chini ya ngozi, na simu iko pembeni ya mto. Anayeiandika dalili hiyo kwenye intaneti haletewi kwanza habari za kahawa wala za kukosa usingizi. Analetewa herufi tatu: ALS. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, walichunguza namna watu wanavyotafuta habari za afya mtandaoni. Kucheza kwa misuli kulikuwa miongoni mwa dalili walizozifuatilia, pamoja na maumivu ya kichwa na ya kifua. Walikuta magonjwa mazito yakitajwa kwenye kurasa mara nyingi mno kuliko yanavyotokea kweli, na hofu ya msomaji ikapanda kadiri alivyozidi kusoma.

ALS yenyewe ni ugonjwa unaoua taratibu neva zinazoamrisha misuli, kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo. Jean-Martin Charcot aliueleza huko Ufaransa mwaka 1869. Marekani wengi wanauita kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli aliyegundulika nao mwaka 1939 na kufariki mwaka 1941. Wagonjwa wengi hawafikishi miaka mitano tangu dalili zianze, kwa hiyo mwenye kuuogopa hachekwi. Ila ni ugonjwa adimu. Ulaya, ambako hesabu zimefanywa kwa miaka mingi, huwapata kama watu 2 kwa kila 100,000 kwa mwaka, na wengi wao wamevuka umri wa miaka 50. Stephen Hawking anatajwa na kila mtu kwa sababu hakuwa wa kawaida kwa mambo yote mawili: aliambiwa ana ugonjwa huo akiwa na miaka 21, kisha akaishi hadi 76.

"Nyama zikicheza, ndiyo dalili yenyewe"

Msuli unaocheza ni neva moja iliyojifyatua bila kuamriwa, na kile kifungu kidogo cha nyuzi inachokihudumia kikajikunja mara moja. Basi. Watafiti wa Marekani waliowauliza watu wenye afya njema, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1963, walikuta karibu asilimia 70 wamewahi kuchezwa na misuli. Kope likicheza, watu wetu wana tafsiri zao: la juu utaona mgeni, la chini utalia. Sijasikia aliyekodi bodaboda kwenda hospitali kwa sababu ya kope. Jambo hilohilo likihamia pajani ndipo linapogeuka kuwa kifo.

Utafiti unaowatuliza wengi ulifanyika Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, na kuchapishwa mwaka 1993. Wagonjwa 121 waliokuwa wakichezwa na misuli, na ambao daktari hakuwakuta na tatizo jingine, walifuatiliwa kwa muda wa kati ya miaka 2 na 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ALS.

Wapo wagonjwa wachache wa ALS ambao kucheza kwa misuli ndicho kitu cha kwanza walichokiona. Kwao udhaifu hufuata, kwa kawaida ndani ya miezi. Kwa hiyo aliyechezwa na misuli mwaka mzima, na bado anapanda ngazi na kubeba ndoo yake ya maji kama zamani, ana sababu nzuri ya kulala.

"Mkono nausikia umelegea, basi ugonjwa umeanza"

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Daktari wa neva anaposema udhaifu hazungumzii unachokisikia, anazungumzia usichoweza tena kukifanya. Mkono unaosikika mzito lakini unafunga vifungo vya shati, unazungusha ufunguo kwenye kufuli na kukamua nguo, huo una nguvu zake. Udhaifu wa ALS hujionyesha kwa mambo ya kawaida kabisa: kandambili inavuka mguuni mtu akitembea na yeye hana habari, ncha ya kiatu inajikwaa kila mara, kidole gumba na cha shahada vinashindwa kubana kopo. Au ulimi unakuwa mzito, na wanaomzunguka wanamuuliza kwa nini siku hizi anaongea kama mlevi. Mara nyingi wengine ndio wanaoanza kuona.

Halafu udhaifu huo hauji na kuondoka. Hauwi mbaya Jumatatu ukapona Jumatano baada ya kulala vizuri. Ukishika mahali haurudi nyuma, unaenea polepole, na msuli wenyewe unasinyaa, hasa nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada.

Chumba cha daktari kinashangaza kwa jinsi kilivyo na vifaa vichache. "Baba, tembea kwa visigino mpaka mlangoni. Sasa rudi kwa vidole." Anakuvuta mkono huku wewe ukimkatalia, anakugonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, anakukwaruza wayo, anakuambia utoe ulimi na kuuacha utulie. Dakika hizo chache zinamwambia mengi kuliko usiku mzima wa kusoma.

Mwenye hofu hujipima mwenyewe pia, na hapo anajiharibia. Anasimama kwa mguu mmoja mara thelathini, anabana mkono mpaka unatetemeka, anapima mapaja kwa futi ya fundi cherehani na kukuta la kulia limezidi la kushoto. Karibu kila mtu ana upande uliozidi kidogo, na msuli uliochoshwa kwa majaribio hucheza zaidi. Kesho yake anayo "dalili mpya".

"Ganzi na kuchomwachomwa ndiyo mwanzo wake"

Ajabu ni kwamba ganzi huelekeza upande mwingine. ALS hushambulia neva za mwendo. Za hisia kwa kawaida huziacha. Miguu inayowaka moto usiku au vidole vilivyokufa ganzi vinastahili kupimwa sukari kabla ya kingine chochote, maana kisukari ni moja ya sababu kubwa. Upungufu wa vitamini B12 nao unaleta ganzi, na anayemeza metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka yuko katika hatari hiyo. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazid anaweza kupata ganzi pia, ndiyo maana hupewa na vitamini B6.

Nisipite bila kusema neno juu ya hiyo B6. Kuna desturi ya kwenda duka la dawa na kuomba "sindano za neva" au vidonge vya vitamini B kila mwili unapolegea. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi ileile uliyokuwa unaikimbia.

"Hayo ni magonjwa ya Wazungu"

Si kweli. ALS ipo Afrika pia, isipokuwa wataalamu wa neva ni wachache na wagonjwa wengi hawafiki kwao. Tena ukanda wetu una ugonjwa wake wa neva za mwendo, konzo, unaotokana na kula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa wakati wa ukame na njaa. Umetokea Kongo, Msumbiji, na hata Tarime mkoani Mara miaka ya 1980. Konzo huja ghafla, miguu yote miwili ikakakamaa, na baada ya hapo hauendelei kupanda. Hauanzi kwa shavu la mguu kucheza.

"Daktari kaniambia ni wasiwasi, yaani nimetunga"

Wasiwasi hautungi kitu, unafyatua neva. Homoni ya adrenalini ikipanda, misuli inakaza na neva zinakuwa nyepesi kuchokoka; ukilala kimya ukausikiliza mwili, kila mtekenyo unausikia. Madaktari wenyewe hawajasalimika. Wataalamu wa neva wameandika juu ya wenzao wa kada ya afya wanaowajia wakiwa na hakika kwamba wana ALS, kwa sababu tu misuli inawacheza na walisoma chuoni inamaanisha nini. Binafsi naona neno "ni wasiwasi tu" halipaswi kutoka mdomoni mwa daktari kabla mgonjwa hajavua viatu akapimwa, kwa sababu asiyepimwa haamini, na asiyeamini atahamia hospitali nyingine wiki ijayo.

Mbali na wasiwasi, angalia unachokunywa na unachotafuna: kahawa na chai kali vikombe vingi kwa siku, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa. Salbutamol ya pumu hutetemesha mikono. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kuharisha kwa siku nyingi, na vidonge vya kukojosha vinavyopunguza potasiamu vyote vinaweza kuchezesha au kubana misuli. Ndiyo maana kipimo cha damu cha chumvi za mwili na cha tezi kina maana kabla ya kufikiria makubwa.

"Nikipiga MRI nitajua"

MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, haionyeshi ALS. Hutumika kuondoa matatizo mengine, kama uti wa mgongo uliobanwa. Kipimo kinachosoma umeme wa misuli ni EMG, kwa sindano nyembamba, na hupatikana katika hospitali chache kubwa. Asiye na udhaifu, aliyekutwa sawa na daktari, mara nyingi haihitaji. Sioni sababu ya familia kuuza ng'ombe kwa picha ambayo haiwezi kujibu swali lililoulizwa.

"Basi nisubiri, yataisha yenyewe"

Hii ndiyo dhana inayoua, na haihusu ALS kabisa. Mdomo ukipinda ghafla, au mkono na mguu wa upande mmoja vikalegea, hicho huenda ni kiharusi na kila dakika ina thamani. Asipelekwe kwanza kwa mganga kwa kudhani amepigwa na upepo. Miguu ikilegea na udhaifu ukapanda kuelekea kiunoni na kifuani ndani ya siku chache, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Vivyo hivyo kwa miguu iliyolegea pamoja na mkojo kushindwa kutoka. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi baada ya kazi nzito au mazoezi makali ni msuli unaovunjika, na figo ziko hatarini. Kope zinazoshuka kila jioni na kutafuna kunakochosha ni ugonjwa mwingine, wenye dawa.

Na mkulima aliyetoka kupulizia dawa shambani, misuli ikaanza kumcheza mwili mzima huku mate na machozi yakimtoka, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni na akimbizwe hospitali, na chupa ya dawa iende naye ili daktari asome lebo.